Taharuki na Bumbuwazi

Kiswahili kimeigawa hofu mafungu mengi, na wanaoshughulika na usalama wa meli wangefaidika kuyasikiliza. Kuna taharuki: mtu anakimbia, anapiga kelele, anamsukuma mwenzake, anarukia chochote kilicho mbele yake. Kuna kiwewe: mtu anazunguka pale alipo, anashika hiki anaacha, anashika kile anaacha, hajui aanze na lipi. Na kuna bumbuwazi: mtu amesimama, macho yamemtoka, mikono imelegea, ukimwita hakusikii. Zote tatu ni hofu, lakini haziui kwa namna moja wala hazitibiki kwa dawa moja. Hata hivyo, tukizungumzia ajali za majini, barazani na hata kwenye tume za uchunguzi, tunayoitaja ni ile ya kwanza tu. "Abiria walitaharuki," tunasema, na maneno hayo mawili yanatosha kufunga mjadala. Sura hii inatetea hoja nyingine. Nasema kwamba melini, wakati wa dharura, bumbuwazi na kiwewe ni maadui wakubwa kuliko taharuki. Mabaharia wenyewe hupatwa nazo, si abiria peke yao. Na viongozi wa meli, kwa kuiogopa taharuki, hunyamaza au hudanganya, na ukimya wao ndio unaowagandisha watu ambao wangeweza kuokoka.

Tuanze na usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 1994. Kivuko Estonia kilikuwa kikitoka Tallinn kwenda Stockholm na watu 989, katika dhoruba ya Bahari ya Baltiki. Mawimbi yaling'oa kifuniko cha omo, maji yakamiminika kwenye sitaha ya magari, na chombo kikaanza kulala ubavu. Sauti ya kwanza iliyosikika kwenye vipaza sauti ilikuwa ya mwanamke, nyonge, ikisema kwa Kiestonia kwamba kuna hatari melini. Baada yake likaja tangazo la mafumbo, likimwita "Mister Skylight" na kutaja namba. Bwana huyo hakuwepo. Jina lilikuwa ishara ya siri kwa mabaharia wa zimamoto, na siri yenyewe iliwekwa ili abiria wasishtuke. Abiria wengi walikuwa Waswidi, kwa hiyo hata lile la Kiestonia hawakulielewa. Chini ya saa moja meli ilikuwa imezama, na watu 852 wamekufa. Haitakuwa haki kusema kwamba wote waliuawa na bumbuwazi, kwa sababu meli ililala haraka mno na ngazi hazikupandika tena. Lakini ripoti ya uchunguzi, iliyokusanya maelezo ya manusura, inarudia picha moja: watu walioketi au kusimama wameshika vyuma, wasiosogea, wasioitika, huku wenzao wakiwapita kwenda juu.

Picha hiyo si ya Estonia peke yake. John Leach, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyechunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyoenenda katika maafa, anakadiria kwamba kati ya kila watu mia waliopatwa na hatari ya ghafla, kumi hadi kumi na watano hubaki na akili iliyotulia na kutenda linalofaa. Kadiri hiyohiyo hufanya mambo ya kuongeza hatari, kama kupiga mayowe. Waliobaki, kiasi cha robo tatu, huduwaa. Hayo ni makadirio, si sensa, na hubadilika kwa tukio na tukio. Hata hivyo yanatuonya kuhusu jambo ambalo ratiba nyingi za mafunzo hulipita juujuu: aliyeduwaa ni mtu wa kawaida kabisa, si mwoga wala mjinga. Na kwa kuwa cheti cha ubaharia hakimtoi mtu katika ubinadamu, tukiwa na wafanyakazi ishirini melini hatuna sababu ya kuamini kwamba wote ishirini watakuwa miongoni mwa wale wachache waliotulia.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka vizuri. Hatari inapotambuliwa, moyo huongeza kasi, pumzi huwa fupi na za juujuu, na adrenalini humwagika katika damu, ikifuatwa na kotisoli. Damu hukimbilia kwenye misuli mikubwa ya mapaja na mabega. Hayo yote yanafaa kwa mtu anayemkimbia simba. Baharia hana pa kukimbilia. Kazi yake wakati ule ni ya vidole na ya akili: kufungua valvu sahihi kati ya valvu nane zinazofanana, kusoma namba kwenye kioo, kutamka mahali meli ilipo kwenye redio bila kukosea tarakimu. Na hasa hayo ndiyo yanayoharibika kwanza. Vidole hutetemeka, macho hung'ang'ania kitu kimoja na kuacha kuona vya pembeni, masikio huacha kusikia. Chukua kifungo cha jaketi la kuokolea, kile cha plastiki ambacho pande mbili huingizwa hadi zikalia. Bandarini mtu hukifunga akiwa anaongea na mwenzake. Usiku, sitaha ikiwa imeinama na taa zimezimika, mtu yuleyule anaweza kukigongagonga pembeni mwa tundu mara sita, asielewe kwa nini hakiingii, kisha akakiacha na kubaki amekikodolea macho.

Leach anaeleza kinachotokea kichwani kwa kuangalia muda. Jambo ambalo akili imeshaliandalia jibu huchukua sekunde moja au mbili tu kuamuliwa. Jambo jipya lenye pande nyingi huhitaji sekunde nane hadi kumi, tena kwa mtu aliyetulia. Mshtuko ukishaibana ile sehemu ya akili inayoshika mambo ya sasa hivi, jibu jipya haliundiki kabisa. Mtu huitafuta kumbukumbu ya cha kufanya, asiikute, naye hana nafasi ya kubuni nyingine. Ndipo anapoganda. Maelezo haya yana tokeo kubwa kwa mafunzo. Kama bumbuwazi ni ukosefu wa jibu lililoandaliwa, basi dawa yake haiwezi kuwa hotuba ya kuwataka watu wawe majasiri. Jibu lazima liwekwe kichwani na mikononi kabla ya siku ile.

Sasa tuitazame hofu ya viongozi. Tarehe 13 Januari 2012, saa 3:45 usiku, meli ya kitalii Costa Concordia iligonga miamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu 4,229. Ndani ya muda mfupi wahandisi walikwishatoa taarifa kwamba maji yameingia katika vyumba kadhaa. Abiria walitangaziwa kwamba ni hitilafu ya umeme. Walinzi wa pwani, walioshtuliwa na ndugu wa abiria, walipouliza kwa redio, nao waliambiwa umeme umekatika. Amri ya kuiacha meli ilitoka saa 4:54, dakika 69 baada ya mgongano, wakati meli imeshainama kiasi kwamba baadhi ya mashua hazikuweza kushuka. Watu 32 walikufa. Bahari ilikuwa shwari, na nchi kavu ilikuwa ikionekana. Nahodha alihukumiwa kifungo cha miaka 16, na sina neno la kumtetea. Lakini tukiishia kwake tutakosa somo. Chumba cha usukani kilikuwa na maafisa wengine waliokuwa wakizijua habari zilezile, na dakika zile zilipita nao wapo.

Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Aprili 2014, kivuko Sewol kilipoinama katika bahari ya Korea Kusini, tangazo lilirudiwa mara kwa mara kuwataka abiria wabaki walipo. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa sekondari waliokuwa ziarani. Walitii. Kwenye redio, mabaharia walikuwa wakiuliza kituo cha ulinzi wa pwani kama abiria wakitoka wataokolewa papo hapo. Swali hilo lingeweza kuonekana la busara. Kwa kweli lilikuwa kiwewe kilichovaa nguo za busara: mtu anatafuta uhakika ambao hakuna wa kumpa, na huku anautafuta, dakika zinakwisha. Nahodha na wenzake wa chumba cha usukani walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuokolewa. Waliokufa ni 304. Anayedhani kwamba utulivu wa abiria ndio usalama wao aitafakari Sewol, ambako abiria walitulia kama walivyoagizwa.

Je, taharuki wanayoiogopa viongozi ni ya kweli? Enrico Quarantelli, mwanasosholojia wa Marekani, alianza kuichunguza miaka ya 1950, akaendelea na kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Aligundua kwamba taharuki ya umati ni adimu kuliko tunavyosimuliwa. Mara nyingi watu waliomo hatarini husaidiana, hutafuta ndugu zao, hungoja kuongozwa. Alitaja pia mazingira yanayoizaa taharuki inapotokea: mtu kuona njia ya kutokea inafungika, kuhisi hana uwezo wa kufanya lolote, na kuhisi hana wa kumsaidia. Tuyapime mazingira hayo matatu na meli ambayo viongozi wake wamenyamaza. Abiria anaona sitaha inainama, haambiwi njia iko wapi, hapewi kazi, hasikii sauti ya mwenye chombo. Ukimya uliokusudiwa kuzuia taharuki umemkamilishia masharti yote ya kutaharuki.

Hapa msomaji wa pwani zetu na wa maziwa yetu ana pingamizi zito, na ana haki ya kulisikia likijibiwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakafa. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Miongoni mwa mambo yaliyoelezwa ni kwamba abiria walisogea upande mmoja kilipokaribia gati. Katika chombo kidogo kilichojaa kupita kiasi, watu wakihama ubavu mmoja ndiyo mwisho. Kwa hiyo, litaulizwa swali, si afadhali nahodha wa chombo kama hicho akanyamaza kuliko kuwaambia watu kuna hatari wakainuka wote? Pingamizi hili ni la kweli kuhusu uzito, lakini limekosea kuhusu maneno. Kosa la kwanza limeshatendeka gatini, pale watu wa ziada walipopandishwa, na hakuna saikolojia itakayolifuta. Na abiria wa kivuko hawahitaji tangazo ili wasogee, maana husogea wenyewe wakiona gati, au wakihisi chombo kimekwenda mrama. Kinachoweza kuwazuia ni sauti wanayoijua, iliyowazoesha tangu mwanzo wa safari, ikitoa amri moja inayotekelezeka: "Kaeni chini! Kila mtu akae alipo!" Hilo ni neno la kweli lililobeba kitendo ndani yake. Tangazo la hatari lisilo na kitendo ni nusu ya tangazo, na nusu hiyo ndiyo inayostahili kuogopwa.

Pingamizi la pili ni la zamani zaidi: kwamba ushujaa ni wa kuzaliwa nao, kwamba bahari huwafichua mashujaa na waoga, na kwamba kanuni ya nahodha kuondoka wa mwisho hutosha kuwapanga watu. Watafiti wawili wa Uswidi, Mikael Elinder na Oscar Erixson, waliipima imani hiyo mwaka 2012. Walikusanya habari za ajali 18 za meli zilizotokea katika karne tatu, zenye watu zaidi ya 15,000. Waliookoka miongoni mwa mabaharia walikuwa asilimia 61, manahodha 44, abiria wanaume 37, wanawake 27, na watoto 15. Titanic, ambako wanawake na watoto wengi waliokolewa, ilikuwa kinyume cha desturi. Mtu anaweza kuzisoma namba hizo kama hati ya mashtaka dhidi ya mabaharia. Mimi nazisoma hivi: kanuni za heshima, hata zikisifiwa vipi, huyeyuka mahali ambapo hakuna utaratibu uliozoezwa. Baharia ndiye anayejua ngazi ziko wapi na jaketi liko wapi. Asipopewa kazi ya kufanya na ujuzi huo, atautumia kujiokoa.

Kisa cha Oceanos kinaletwa sana kuthibitisha kwamba ni moyo tu. Meli hiyo ya kitalii ilizama mbali kidogo na pwani ya Afrika Kusini tarehe 4 Agosti 1991. Nahodha na maafisa wakuu waliondoka wakiwaacha abiria, na walioendesha uokoaji ni wanamuziki na watumbuizaji wa melini, akiwemo mpiga gitaa Moss Hills, aliyekwenda chumba cha usukani, asimkute mtu, akaomba msaada kwa redio. Watu wote 571 waliokolewa, baadhi yao kwa helikopta. Mashujaa, bila shaka. Lakini tazama walikuwa na nini mikononi siku ile. Kazi yao ya kila usiku ilikuwa kusimama mbele ya umati, kushika kipaza sauti, kusoma nyuso za watu, kuwatuliza au kuwachangamsha, na kuendelea hata jambo likiharibika jukwaani. Jibu walikuwa nalo tayari. Waliimba na abiria ukumbini kabla hawajaanza kuwapanga kwenye mashua. Siwezi kudai kwamba mazoea yao yanaeleza kila kitu. Nadai tu kwamba mtu akiutafuta ujasiri wao atakuta chini yake kuna kazi waliyoirudia mamia ya mara.

Kurudia, basi, ndiko kunakojenga utulivu. SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unataka kila baharia ashiriki angalau zoezi moja la kuiacha meli na moja la kuzima moto kila mwezi. Na kama zaidi ya robo ya wafanyakazi hawajashiriki mazoezi katika chombo hicho mwezi uliotangulia, zoezi lifanyike ndani ya saa 24 za kutoka bandarini. STCW, mkataba wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, unadai mafunzo ya kusimamia umati na tabia za binadamu kwa wafanyakazi wa meli za abiria. Kwa hiyo atatokea mtu aseme: hayo yote yapo, unadai nini zaidi? Nadai tutazame zoezi lenyewe. Kwa kawaida hufanyika mchana, bahari imetulia, saa inajulikana, njia zote ziko wazi, nahodha yuko mahali pake. King'ora kinalia, watu wanapanga mstari, majina yanaitwa, picha inapigwa, daftari linatiwa sahihi. Kinachofundishwa hapo ni kupanga mstari. Siku ya dharura ngazi moja itakuwa na moshi, mwenye funguo atakuwa amejeruhiwa, na anayejua kuwasha pampu atakuwa upande wa pili wa mlango uliofungwa. Akili itatafuta jibu lililoandaliwa, na itakuta mstari.

Donald Meichenbaum, mwanasaikolojia aliyefundisha Kanada, aliita mbinu yake chanjo ya msongo: mtu apewe hofu kidogo, anayoweza kuihimili, aimudu, kisha aongezewe. Chombo chochote kinaweza kuifuata bila mtambo wa gharama. Zima taa za ushoroba, mwambie baharia afike kituo cha mashua kwa kupapasa ukuta. Ziba ngazi moja kwa kamba bila kumwambia mtu. Mtangaze nahodha kuwa "amekufa" na uone nani anachukua usukani. Mvalishe mpishi glavu zilizolowa, afunge majaketi ya watu watano. Wamiliki watasema mazoezi ya namna hiyo yana hatari, na ni kweli kwamba mabaharia wamewahi kufa katika mazoezi ya kushusha mashua, hadi kanuni zikarekebishwa ili mashua isilazimike kushushwa ikiwa na watu ndani. Hatari hiyo ni ya nyaya na ndoana, na iheshimiwe. Lakini hakuna ndoana katika kuzima taa au kuziba ngazi. Gharama halisi ni nusu saa ya kazi, na nusu saa ndiyo mwenye meli asiyotaka kuitoa.

Dharura ikishaanza, mengi ya kufanya ni madogo, na udogo wao ndio nguvu yao. La kwanza ni pumzi. Kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko kuivuta, hupunguza kasi ya moyo, na mara tatu au nne hazimalizi dakika moja. La pili ni sauti. Kutamka kwa sauti kinachoonekana, "maji chumba cha injini, kiwango cha magoti, yanapanda," humtoa msemaji katika bumbuwazi na kuwapa wenzake picha moja. La tatu ni amri iliyotajwa jina na kurudishwa: anayeagizwa anarudia neno kwa neno, akimaliza anatoa taarifa. Amri inayotupwa hewani, "Mtu ashushe nanga!", ni kwa yeyote, na anayehusika ni nadra kuisikia. La nne, na pengine kubwa kuliko yote, ni kumpa kila mtu kazi. Aliyeduwaa hazinduliwi na maelezo. Huzinduliwa na mkono begani, jina lake, na jambo moja: "Juma, shika tochi hii, mulika ngazi." Abiria naye anaweza kushika tochi. Mikono yenye kazi haina nafasi ya kuganda.

Kuna meli iliyoonyesha faida ya kutosubiri uhakika. Tarehe 23 Machi 2019 Viking Sky, ikiwa na watu 1,373, ilizimikiwa na umeme na injini katika dhoruba ya pwani ya Norway, na upepo ukaanza kuisukuma kwenye miamba. Kule chini wahandisi walikuwa na kengele nyingi zikilia kwa pamoja, kila moja ikidai kushughulikiwa kwanza. Juu, nahodha alitoa mwito wa hatari kwa redio ndani ya dakika mbili hivi, kabla ya kujua chanzo ni nini. Nanga zikashushwa. Injini zikaamka meli ikiwa imekaribia kabisa kupanda mwamba. Helikopta ziliwachukua watu 479, meli ikafika bandarini, hakuna aliyekufa. Uchunguzi ulikuta kiwango cha mafuta ya kulainisha injini kilikuwa chini, na hilo ni kosa lililotangulia. Lakini mwito ule wa mapema ulinunua muda ambao Costa Concordia iliutupa.

Hata hivyo, kutenda haraka si sawa na kutenda lolote. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, ilibaki kwa muda ikielea chini juu, na watu waliokuwa ndani walisikika wakigonga. Ilitobolewa tundu ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, meli ikazama. Waliotoboa walikuwa waokoaji, si mabaharia wa meli ile, na walisukumwa na huruma ambayo yeyote angekuwa nayo. Ninalitaja tukio hilo kwa sababu linaonyesha upande wa pili wa mshtuko: macho hung'ang'ania jambo moja, mlio wa kugonga, na swali la nini kinachokielesha chombo halipati nafasi. Ndiyo maana mtu mmoja katika kila kundi anapaswa kupewa kazi ya kusimama nyuma, mikono mitupu, na kuuliza: tukifanya hivi, nini kitafuata?

Linabaki suala la nani aruhusiwe kusema. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na maafisa wengi huitumia methali hiyo kumnyamazisha kijana aliyeona kitu. Methali inakataza usukani kushikwa na watu wengi. Haikatazi macho mengi. Mshika usukani anayesema "Nahodha, tunakaribia mwamba" hajajifanya nahodha. Amemkopesha nahodha macho, wakati ambapo mshtuko umeyabana ya nahodha mwenyewe. Katika vyombo vyetu, ambako umri na cheo hupewa heshima yake, ruhusa hiyo haitajengeka yenyewe. Nahodha lazima aitamke mbele ya wote kabla ya kung'oa nanga, na amshukuru hadharani atakayemkosoa, hata akiwa amekosea. Na lugha ipangwe mapema. Katika moto wa kivuko Scandinavian Star, Aprili 1990, uliowaua watu 159, wafanyakazi wengi hawakuelewana wao kwa wao wala na abiria. Mtu akishtuka hurudi kwenye lugha ya mama yake, kwa hiyo amri kumi muhimu zijulikane na wote kwa lugha moja, kwa moyo.

Na usingizi. Mkataba wa STCW unataka mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Mwili uliochoka huingia kwenye dharura ukiwa umeshapoteza sehemu ya akili ambayo mshtuko ungekuja kuipunguza tena. Daftari la saa za mapumziko linalojazwa kwa kalamu moja, siku moja, kwa mwezi mzima, ni hatari sawa na tundu kwenye mkuku.

Baada ya ajali, baharia aliyeduwaa huchukua aibu yake nyumbani. Anajiuliza kwa nini alisimama wakati mwenzake anaita. Anapaswa kuambiwa ukweli uliomo katika sura hii, kwamba, kwa makadirio, robo tatu ya wanadamu wangesimama kama yeye. Asilazimishwe kusimulia yote usiku uleule mbele ya kikundi: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 hayakukuta kwamba kikao kimoja cha namna hiyo huzuia madhara ya baadaye, na dalili zilikuwepo kwamba kinaweza kuyaongeza. Apewe nguo kavu, chai, simu ya kupiga nyumbani, mtu wa kukaa naye, na daktari iwapo wiki zitapita bila usingizi kurudi.

Kwa wakaguzi wa vyombo nina ombi moja. Mkipanda melini, msianze na daftari la mazoezi. Nendeni jikoni, mkamkute mpishi akimenya viazi, mmwulize: king'ora kikilia sasa hivi, unakwenda wapi, unabeba nini, na usipomkuta mkubwa wako pale, nani anatoa amri? Jina lake limo katika orodha ya majukumu ya dharura iliyobandikwa ukutani. Kama anajibu huku mikono ikiendelea kumenya, meli hiyo iruhusiwe kuondoka. Kama anaweka kisu chini na kuanza kufikiri, izuieni gatini hadi afundishwe.